Tunanunua pamoja, tunagawana, kisha kila mtu kwake: safari ya ushirika wa nyumba Nairobi

Mtu akikuambia yuko kwenye ushirika wa nyumba hapa Nairobi, bado hajakuambia ana nini. Huenda ana ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kitengela au Juja, nyasi zimefika magotini na hajui atajenga lini. Huenda anaishi Huruma katika nyumba nyembamba ya ghorofa aliyoijenga na majirani kwa akiba ya shilingi chache kila siku. Huenda ana risiti tu, na ahadi kwamba hatimiliki iko njiani. Wote watatu watajiita wanaushirika na hakuna atakayekuwa amedanganya, lakini wanachomiliki hakifanani hata kidogo.

Fundo hili linafaa kufunguliwa polepole, kwa sababu kuna watu wanaopoteza akiba za miaka kwa kutojua wameingia katika ushirika wa aina gani. Na nina dai moja. Mji huu unajua kuishi pamoja, na unajua sana kuweka akiba pamoja. Ila likija suala la kumiliki, karibu kila ushirika wa nyumba umeundwa ili uvunjike. Tunanunua shamba pamoja ili tuligawe. Siku hatimiliki zinapotoka, ushirika umekwisha kazi, na siku hiyohiyo mwanachama mnyonge anabaki peke yake mbele ya mwenye pesa.

Kuishi pamoja kulitangulia

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga Pumwani iwe makao ya Waafrika wa Nairobi. Watu walipewa viwanja vya manispaa wakajenga nyumba za Kiswahili, zile ambazo bado unaziona Majengo: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko, bafu na choo vya wote. Mwenye nyumba alichukua chumba kimoja, akapangisha vilivyobaki. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake waliojenga kwa pesa zao wenyewe. Kijiji cha Pangani, kikongwe kuliko Pumwani, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kwa hiyo watu hao walijua mapema kwamba nyumba inaweza kuwa yako na ardhi iliyo chini yake isiwe yako.

Mitaa ya Eastlands ilijengwa kwa fikra nyingine. Muthurwa na Makongeni zilikuwa za reli. Kaloleni na Ziwani za manispaa. Kwa muda mrefu Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita, mtu ambaye kwake ni kijijini na atarudi huko kazi ikiisha. Mtu wa namna hiyo hajengewi nyumba, anapewa kitanda. Mara nyingi wanaume wasiohusiana waliwekwa chumba kimoja, jiko na choo vikawa vya wengi. Nadhani hapo ndipo palipoanza imani ambayo haijatutoka, kwamba anayetumia jiko na mwenzake ni yule asiye na lake. Ukimweleza mtu wa Nairobi leo kuhusu nyumba za ushirika zenye jiko au ua wa pamoja, anachokiona akilini ni umaskini.

Na bado maelfu kwa maelfu wanaishi hivyo. Ingia ploti yoyote ya Kawangware, Kayole au Githurai. Vyumba vya futi kumi kwa kumi vimepangwa pande mbili za korido, bomba ni moja, choo na bafu viko mwisho. Zamu ya kuosha imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Funguo za choo zinajulikana ziko kwa nani. Tokeni za stima zinachangwa, na kila mwezi kuna kikao kisicho rasmi kuhusu chumba kinachopikia koili au kinachopiga pasi usiku. Wapangaji hawa hugawana gharama, hutunga kanuni, husuluhisha ugomvi, humfukuza mwizi. Kazi yote ya ushirika wanaifanya tayari, isipokuwa kodi inakwenda kwa mtu mmoja ambaye pengine hawajawahi kumwona.

Sheria iliyozaliwa shambani

Sheria ya ushirika nchini Kenya haikuandikwa kwa ajili ya mji. Ushirika wa kwanza ulikuwa wa walowezi huko Lumbwa mwaka 1908. Sheria ya kwanza ya kuvisajili vyama ilikuja 1931, na ile ya 1945 ndiyo iliyowafungulia Waafrika mlango kwa upana zaidi. Vyama vilivyostawi baada ya hapo vilikuwa vya kahawa, maziwa na pareto.

Tazama jinsi chama cha kahawa kinavyofanya kazi, maana mengi yanaelezeka hapo. Mkulima ana shamba lake, miti yake, mavuno yake. Cha pamoja ni kiwanda cha kumenya kahawa, lori na soko. Ushirika upo ili kuihudumia mali ya mtu binafsi. Mpango huu ulimfaa mkulima vizuri sana, na baada ya Uhuru, sheria mpya ya 1966 ilipoupa ushirika nguvu ya kitaifa, ndio ulioingia mjini. Mtu wa mjini hakuwa na shamba, basi ushirika ukachukua kazi ya kumtafutia. Akishalipata, kazi imekwisha.

Mjini ushirika ulishika mizizi ofisini. Vyama vya akiba na mikopo vilikua kwa sababu mwajiri alikubali kukata mchango moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi. Makato hayo ndiyo uti wa mgongo wa Sacco za Kenya hadi leo. Walimu, wafanyakazi wa serikali, watu wa reli na wa umeme walipata njia ya kukopa ambayo benki zilikuwa zimewanyima. Fundi wa jua kali, muuza mboga na mfanyakazi wa nyumbani hawakuwa na karatasi ya mshahara ya kukatwa, wakabaki nje. Chama cha nyumba kilipoanzishwa kwa mtindo huo huo, kiliwabagua walewale.

Ni kwa ajili ya kuziba pengo hili ndipo Muungano wa Kitaifa wa Vyama vya Ushirika wa Nyumba, unaojulikana kama NACHU, ulipoanzishwa mwaka 1979. Vyama vidogo vya nyumba ndivyo wanachama wake, nao huvisaidia kupata ardhi, ramani, mafundi na mikopo. Washirika wa Sweden na Kanada waliuunga mkono kwa miaka mingi. Njia yake iliyowafaa zaidi watu wa kipato kidogo ni kujenga kwa awamu: unaanza na chumba kimoja na choo, mkopo wa kwanza ukilipwa unaongeza chumba, mpaka nyumba inatimia. Si njia ya kupendeza kwenye brosha, lakini imewafikisha watu mbali kuliko ghorofa nyingi za kwenye matangazo.

Mathare na Dandora

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa bonde la Mathare walikuwa wakiishi kwa hofu ya kubomolewa. Wakaamua kuinunua ardhi wenyewe. Viliundwa vyama na kampuni, watu wakachanga, hisa zikauzwa. Mwanzo ulikuwa wa heshima kubwa: maskini wa mji wakikataa kufukuzwa, kwa kununua. Lakini bei ya ardhi ilikuwa juu kuliko michango yao, hivyo milango ikafunguliwa kwa watu wa nje wenye pesa. Kisha zikaja nyumba za mbao za vyumba vingi, zilizojengwa haraka kwa ajili ya kupangisha. Waliokuwa wameanza kama wanunuzi walijikuta wengi wao ni wapangaji katika bonde lilelile.

Hapa kuna tofauti ambayo kila anayetoa pesa anapaswa kuijua. Katika kampuni, kura inafuata hisa: mwenye hisa mia ana sauti mara mia ya mwenye moja. Katika ushirika, kila mwanachama ana kura moja, awe tajiri au maskini, na sheria ya sasa, ile ya 1997, inamzuia mtu mmoja kushika zaidi ya sehemu moja ya tano ya hisa. Vikundi vingi vya kununua ardhi, vya wakati ule na vya leo, vinazungumza lugha ya ushirika kwenye mikutano huku vimesajiliwa kama kampuni. Kila mtu anaitwa mwanachama, kila mtu anaambiwa tuko pamoja, na siku ya uamuzi mkubwa ndipo inapofahamika pamoja hiyo ilikuwa na mizani gani.

Dandora ilikwenda tofauti. Kuanzia 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viliandaliwa viwanja kama 6,000 vyenye maji, mitaro na msingi wa choo na bafu, na mwenye kiwanja akatakiwa ajenge mwenyewe. Wengi hawakuweza. Basi wakaunda vikundi vya ujenzi: wanachama wanachanga kila mwezi, pesa zinajenga chumba kwa mwanachama wa kwanza, kisha wa pili, mpaka zamu izunguke. Ukipata chumba unaweza kukipangisha ili kodi ilipie kinachofuata. Ni chama cha kupokezana, kama vile vya akina mama wa mtaani, ila badala ya bahasha ya pesa mtu anapokea kuta na mabati. Mimi naona vikundi vile ni mojawapo ya mambo bora ambayo Nairobi imewahi kuyafanya katika ujenzi, na havitajwi inavyostahili. Lakini navyo vilifikia mwisho uleule: kila mmoja alipopata chake, kikundi kilitawanyika.

Upande wa kaskazini na mashariki mwa jiji, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za ardhi zenye wanachama wengi mno, na ndiko zilikotoka Githurai, Zimmerman, Kahawa West na sehemu kubwa ya Kasarani. Huko hapakuwa na mpango wa kujenga pamoja. Shamba liligawanywa vipande, barabara zikaachwa nyembamba, nafasi za shule na viwanja vya kuchezea zikamezwa. Anayejiuliza kwa nini magorofa ya Zimmerman yanakaribia kugusana, jibu liko kwenye ramani zile za ugawaji.

Aina ya tatu, ambayo hatuijui sana

Mpaka hapa tumeona aina mbili: ushirika wa kununua na kugawa, na ule wa kujengeana kwa zamu. Ipo ya tatu, na ndiyo inayoitwa ushirika wa nyumba katika nchi nyingi nyingine. Humo, jengo lote na ardhi yake vinabaki mali ya ushirika daima. Mwanachama hana hatimiliki ya nyumba. Ana hisa katika ushirika, na hisa hiyo inampa haki ya kuishi katika nyumba fulani maadamu analipa mchango wa kila mwezi na kufuata kanuni. Haki hiyo inaweza kurithiwa. Haiuzwi sokoni.

Uruguay ina sheria ya mwaka 1968 iliyozaa mamia ya vyama vya namna hii. Familia hujenga kwa mikono yao, kila moja ikitoa saa zake za kazi kila wiki, na wakati wa kujenga hakuna anayejua nyumba ipi itakuwa yake. Kila ukuta unasimamishwa kwa uangalifu, maana unaweza kuwa wako. Marekani nako, chama kikubwa cha wafanyakazi wa nguo kilijenga nyumba za ushirika katika Bronx, New York, zikafunguliwa 1927, na hadi leo watu wanaishi humo kwa utaratibu wa hisa.

Tofauti inaonekana mtu anapoondoka. Tuseme umechangia hisa za shilingi laki nane kwa miaka kumi. Katika ushirika wa aina ya tatu unarudishiwa laki nane zako, pengine na nyongeza ya kufidia kupanda kwa bei, na nyumba inampokea mwanachama mwingine kwa gharama anayoimudu. Katika ushirika wa kugawana, ploti yako ya laki nane huenda sasa inauzwa milioni tatu, nazo ni zako zote. Utaratibu wa kwanza unamlinda anayeingia. Wa pili unamtajirisha anayetoka, na anayeingia ni lazima awe na milioni tatu. Baada ya kizazi kimoja mtaa ulionunuliwa na makarani na madereva hauwapokei tena watoto wa makarani na madereva.

Mbona basi haikushika hapa? Benki inataka hatimiliki yenye jina lako ndipo ikukopeshe, na hisa ya ushirika haiipi dhamana inayoizoea. Ndugu wanauliza watarithi nini, kwa sababu kwetu ardhi ndiyo urithi. Sheria ya 1997 inavishughulikia vyama vyote, vya kahawa na vya nyumba, kwa vifungu vilevile, hivyo haki ya mkazi katika nyumba ya ushirika inategemea sheria ndogo za chama chake, yaani kanuni ambazo chama hujitungia chenyewe, zilivyoandikwa.

Sababu nzito kuliko zote ni viongozi. Sheria hiyo ya 1997 iliondoa mkono wa serikali kwenye vyama karibu ghafla, na wizi uliofuata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba marekebisho ya 2004 yalirudisha sehemu ya usimamizi. Watu wameona hatimiliki ya shamba zima ikiwekwa rehani bila mkutano. Wameona ploti moja ikiuzwa kwa watu watatu. Anayesema nipeni hatimiliki yangu sasa hivi hana ubinafsi. Amejifunza kwa machungu kwamba karatasi yenye jina lake ndiyo kinga pekee aliyonayo. Hoja hii naiheshimu, na yeyote anayeupigia debe umiliki wa pamoja bila kuijibu anawatega watu.

Hata hivyo si kweli kwamba Mkenya hawezi kumiliki jengo na wenzake. Katikati ya jiji kuna majengo ya ofisi yaliyo mali ya vyama vya ushirika. Ufundi House, lililoporomoka kwa bomu la Agosti 7, 1998, lilikuwa mali ya chama cha akiba na mikopo. Katika majengo hayo kodi hukusanywa na gawio hulipwa, na wanachama hawadai kila mmoja akatiwe ofisi yake. Tunaukubali umiliki wa pamoja pale jengo linapoleta pesa. Tunasita pale tunapolala.

Kambi Moto na Lang'ata

Kambi Moto ni kijiji kidogo katika mtaa wa Huruma, kwenye ardhi ya baraza la jiji. Wakazi, kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, walianza kuweka akiba ya kila siku, mtunza akiba akipita mlango kwa mlango na daftari. Walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba. Kisha wakafikia makubaliano magumu kuliko ujenzi wenyewe: mwenye vibanda kumi vya kupangisha na mpangaji wa kibanda kimoja, kila familia itapata nyumba moja. Mwaka 2003 wakaanza kujenga, nyumba 34 kwa awamu ya kwanza.

Kila nyumba inakalia eneo la mita za mraba kama 20 tu, na inapanda juu badala ya kutanuka. Sakafu za juu zilitengenezwa kwa vipande vya zege ambavyo wakazi, wanawake wakiwa mstari wa mbele, walivifyatua chini uwanjani, vikakauka, vikapandishwa na kupangwa juu ya boriti. Teknolojia hiyo ilitoka India. Faida yake ni kwamba huhitaji mbao nyingi za kushikilia zege bichi, na asiye fundi anaweza kujifunza kwa siku chache. Nyumba zimeshikana kuta, na njia za kupita kati yake ni za wote: hapo ndipo watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa.

Lang'ata ni hadithi nyingine. Septemba 2009 serikali ilihamishia wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, katika magorofa 17 yenye nyumba 600, ili pale walipotoka pajengwe upya. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu. Familia nyingi zilipewa chumba kimoja kila moja, huku jiko na choo vikitumiwa kwa pamoja na familia nyingine moja au mbili ambazo pengine hawakuwa wakizijua. Mji ulikuwa umepata nyumba za kushirikiana za kisasa, lakini wakazi hawakuchaguana na hakuna kilichokuwa chao. Wengine walipangisha vyumba vyao na kurudi Kibera. Waliolaumiwa ni wakazi, ilhali kosa lilikuwa katika mpango. Kambi Moto watu walikubaliana kwanza, wakajenga baadaye. Lang'ata walipewa ufunguo kwanza na kuachiwa kazi ya kukubaliana. Nyumba mpya 822 za Soweto zilikabidhiwa 2016, na wakazi walikuwa wamejiunga katika vyama vya ushirika wa nyumba ili kuweka akiba ya malipo ya kwanza.

Sasa kuna Sheria ya Mali ya Sehemu ya 2020, inayompa mwenye nyumba katika jengo la ghorofa hatimiliki yake mwenyewe, na papo hapo kumfanya mwanachama wa shirika linalosimamia ngazi, paa, ua na maegesho kwa niaba ya wote. Kwa ushirika wa nyumba huu ni upenyo mkubwa. Mwanachama anapata ile karatasi yenye jina lake aliyoililia kwa haki, na bado kuna chombo cha kisheria kinachowaunganisha majirani baada ya ugawaji. Haizuii bei kupanda wala nyumba kuuzwa kwa mgeni mwenye pesa. Hilo linabaki kwenye sheria ndogo za ushirika wenyewe, ambamo chama kinaweza kuandika kwamba nyumba itolewe kwanza kwa mwanachama aliye kwenye foleni, au kwamba chama kina haki ya kuinunua kabla haijatangazwa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi yako ya kwanza, omba kuziona sheria ndogo hizo, na uzisome. Tafuta ni nani anayetia sahihi mali ya chama inapowekwa rehani, na kama mkutano mkuu lazima uidhinishe kwanza. Tafuta kama mmesajiliwa kama kampuni au kama chama cha ushirika kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, kwa sababu hilo ndilo linaloamua thamani ya kura yako, na ndilo linaloamua kama mgogoro wenu utakwenda kwenye Baraza la Ushirika au mahakama za kawaida. Tafuta kifungu cha mwanachama anayetoka: analipwa nini, lini, na nyumba yake inakwenda kwa nani. Kama kifungu hicho hakipo, chama kimeshaamua kuwa kitavunjika, hata kama hakuna aliyelisema mkutanoni, na bado mna nafasi ya kukiandika kabla shamba halijapimwa.